Mchezo Uliofungwa kwa Sala

Sifa na zikufikie wewe, Bwana, uliyenipa koo la kuimba na shingo isiyoinama upesi. Ulinivusha ziwa, ukanivusha mipaka, ukasimama nami kila nilipozika mtu wangu, na leo umeniachia uzee wenye meno machache na kumbukumbu tele. Kabla sijaandika neno juu ya watu, nakiri hili juu yako: hujanidai kitu ambacho hukunipa kwanza. Sasa nisaidie nisimulie bila kupunguza wala kuongeza.

Mimi ni mama wa Kivu ya Kusini. Vita vilitutoa kwetu mwaka 1996. Tulikaa miaka kadhaa upande wa Tanzania, kisha tukaingia Uganda kwa mpaka wa Kikagate tukiwa na masufuria, watoto na Biblia ya mume wangu, tukapewa kiwanja katika kambi ya Nakivale. Mume wangu alikuwa mwinjilisti. Alipokuwa akisoma shule ya Biblia kule kwetu, sisi wake tulifundishwa kwenye darasa la pembeni: kushona, kupokea wageni, na Maandiko kidogo. Mimi hayo ya kidogo ndiyo niliyoyashika sana, hata nikawa namsahihisha mume wangu mezani, naye akicheka. Alifia Nakivale, na baada ya hapo kanisa likanifanya shemasi.

Kanisa lenyewe niliukanyaga udongo wake kwa miguu yangu. Nguzo zilikuwa za mikaratusi, kuta za udongo, na juu palikuwa turubai kabla hatujapata mabati. Kwa hiyo ninaposema kanisa letu, neno letu sikuliazima kwa mtu.

Mchungaji wetu alikuwa mtu mwema. Nasema hili mapema ili asomaye asimtafutie pembe. Aliwatembelea wagonjwa kwa miguu, kijiji hadi kijiji, katika jua la Nakivale ambalo halina huruma. Aligawa chakula chake. Lakini kwa habari ya muziki wa dunia alikuwa na kidonda. Kule kwetu orkesta moja ya baa iliwachukua waimbaji wa kwaya yake mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, akafia kwenye pombe. Tangu hapo mchungaji akisikia gitaa linapigwa kwa vidole vyepesi, uso wake ulibadilika kama mtu aliyesikia jina la maiti.

Kila Noeli kanisani kwetu palikuwa na mchezo wa kuigiza baada ya mahubiri. Kwa kawaida vijana walijifunga mashuka meupe, wakasimama mstari, wakasema mistari waliyoikariri, na wazee wakasinzia. Mwaka ule komite ya kanisa ikaniomba mimi niutengeneze. Nilifikiri sana. Niliangalia kilichokuwa kinatula pale kambini, na hakikuwa upungufu wa malaika. Wanaume wetu walikuwa wamekaa bila kazi. Mtu aliyekuwa na ng'ombe kwao sasa alikuwa na kipande cha shamba chenye miiba, na siku mahindi ya msaada yakigawiwa, nusu ya gunia ilipita Misiera, senta yetu ya maduka, kwenye baa kabla ya kufika nyumbani. Wake zao walijua. Watoto walijua. Kanisani hakuna aliyelisema ila kwa kuzunguka.

Basi nikabuni mchezo wa mwanamume mmoja wa kambini. Anauza jembe la nyumba, anaenda mjini Mbarara, anacheza na kunywa mpaka mfuko unakauka, anafukuzwa, anarudi kwa miguu. Nafasi ya mke nilimpa jirani yangu, mwimbaji wa kwaya, ambaye hakuhitaji kufundishwa mengi kwa sababu nyumbani kwake mambo yalikuwa hayo hayo. Mwanamume nilimtafuta kwa makusudi.

Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, wa kwetu Kivu. Alikuwa amepiga gitaa miaka mingi kwenye baa moja ya Mbarara, akikaa chumba cha kupanga mtaa wa Kakiika. Aliugua, rafiki zake wakapungua, akaja Nakivale kwa dada yake, na siku moja akaingia kanisani kwetu akasimama mbele akamkabidhi Mungu maisha yake. Kuanzia hapo alifyatua matofali. Gitaa lake lilining'inia nyuma ya mlango wa dada yake, limefungwa kwa kitenge kama mtoto mgonjwa, maana aliambiwa gitaa la baa, si kama lile la kwaya, ni chombo cha Shetani na hakuwa na moyo wa kulichoma.

Nilipomwendea alikuwa kwenye tope mpaka magotini.

"Mama, mi nilitoka ile fasi," alisema. "Sasa weye unanirudisha tena mu baa?"

"Ninakurudisha kama shahidi," nikamwambia, "hapana kama muteja."

Akacheka, akanawa mikono, akaenda kufungua kile kitenge.

Tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba yangu. Mchezo ulikuwa na wimbo mmoja tu, na huo ndio uliokuwa moyo wake. Kwenye baa unapigwa kwa haraka, bila maneno, wa kuchezesha kiuno. Mwishoni, mwanamume akisharudi, sauti ile ile inapigwa polepole, na hapo inapata maneno ya shukrani. Nilitaka watu wasikie kwa masikio yao kwamba mikono ni ile ile na nyuzi ni zile zile, ila sasa zina mwenyewe mwingine.

Siku ya Noeli kanisa lilijaa, na madirishani watu walisimama kwa tabaka: Warundi, Wanyarwanda, Wasomali wachache wa madukani, hata wenyeji Wanyankole waliokuwa wakipita. Mchezo ulianza. Jembe likauzwa, watu wakaguna. Kisha ikaja baa: meza moja, chupa ya soda iliyojaa maji, na yule ndugu na gitaa lake. Akapiga, halafu akamwachia mwenzake gitaa, akacheza. Sitadanganya kwamba alicheza vibaya. Alicheza kama mtu anayeijua njia ya kupotea hatua kwa hatua. Wanaume walicheka mpaka wakashikana mabega, na katikati ya kicheko niliona baadhi yao wakinyamaza na kutazama chini. Nikajua dawa imefika kwenye kidonda.

Hapo mchungaji akasimama.

"Tusimame," alisema. "Tufumbe macho."

Mtu ambaye hakukulia katika makanisa yetu hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Kwetu sala ya kufunga ni kufuli. Ikishasemwa, ibada imekwisha, na hakuna kitu kinachoweza kufanywa baada yake, hata tangazo la msiba. Watu wote wakasimama wakafumba macho. Yule ndugu naye akafumba, chupa mkononi, mguu mmoja bado mbele. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu, akikemea roho ya dunia. Akasema amina, tukasema amina, tukatoka nje kwenye jua. Mwanamume wa mchezo wangu akabaki Mbarara, kwenye baa, akicheza.

Hilo ndilo lililoniuma. Mchungaji na wazee wake waliogopa mchezo usiwafundishe watu kwenda baa, wakaukata mahali ambapo ulikuwa na baa peke yake. Kurudi nyumbani kulikuwa mbele, na wakakuzuia kwa sala. Wiki ile ile watoto kwenye bomba la maji walikuwa wakiuigiza. Mmoja anashika kipande cha muwa kama chupa, anacheza kiuno, wenzake wanapiga madumu, kisha mwingine anapaza sauti: "Tufumbe macho." Wote wanafumba, wanaanguka kwa kicheko. Mchezo wao uliishia hapo kwa sababu hawakuonyeshwa zaidi.

Komite ikaniita. Tulikaa kanisani, wazee kwenye benchi, mimi kwenye kiti kikiwaelekea. Mchungaji akauliza kama nimewaona watoto wa bombani.

"Nimebaona, Baba."

"Banacheza muchezo wako."

"Banacheza kile balichoona. Mungebaacha baone mwisho, bangecheza na mwisho. Munipe siku moja ya ibada nibaonyeshe."

Mzee mmoja wa komite, ambaye hakuwahi kunipenda tangu mume wangu akiwa hai, akasema, "Zambi haimaliziwi, Mama Shemasi. Zambi inakatwa."

"Ni yule mwanaume alikuwa anaenda kuikata," nikajibu. "Nyinyi ndio mulimushika mukono."

Mchungaji hakukasirika. Alisema tu kwamba Jumapili ya Meza ya Bwana mimi na yule ndugu tutasimama mbele, tutatubu, atatupa mkono wa ushirika, na jambo litakuwa limekwisha. Ndivyo desturi yetu ilivyo. Aliyekosa anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na sahani ya mkate inageuka kabla ya kumfikia, mpaka siku atakaposema kosa lake kwa kinywa chake. Niliipenda desturi hiyo, na bado naipenda. Nimeona walevi wakiinuliwa nayo. Kwa sababu naiheshimu sikutaka kuitumia kwa uongo.

Wakati huo nilikuwa nauza dagaa na mawese Misiera. Siku chache baadaye akaja mwenye kibanda cha video, Mnyankole mmoja mnene, mtu wa mizaha. Alisimama mbele ya dagaa wangu bila kununua.

"Nyabo," alisema, yaani mama kwa lugha yao, "ile mtu yenu ya baa, yeye narudi nyumbani ama hapana?"

Nikamwambia alirudi.

"Bibi yake nakubali yeye?"

"Hayo siwezi kukuambia. Ni mchezo, unaangaliwa."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akaniambia kwamba kwake jenereta ikizima katikati ya filamu, watu wanavunja benchi. "Lakini nyinyi nazima mtu kwa maombi, na watu nakwenda nyumbani kimya. Nyinyi iko na watu mzuri sana." Kisha akasema neno lililobaki kwangu. "Mimi iko na nyumba. Jumamosi saa tisa hakuna mpira. Leta yeye amalize."

Kibanda cha video. Mimi shemasi. Nilikuwa nimewakataza wajukuu zangu hata kusimama karibu na ukuta wake.

Jioni nikamkuta yule ndugu nyuma ya nyumba yangu, amekaa juu ya matofali yake yaliyokauka. Alikuwa ameshaamua kutubu. Hakuwa mwoga, alikuwa mgeni nyumbani mwa Mungu na alitaka kukaa.

"Mchungaji alisema nitapata mukono," aliniambia. "Lakini gitare nitaichoma mbele ya bote. Weye hauna shida, Mama, uko shemasi. Miye niko mutu wa baa." Akanyoosha mikono yake, yenye udongo kwenye kucha. "Weye unajua Maandiko. Hii mikono, Mungu anaitaka na gitare yake, ao anaitaka ya matofali tu?"

Nimefundisha shule ya Jumapili maisha yangu yote na sijaulizwa swali zito kuliko hilo. Nilijua nikisimama na kusema mchezo ule ulikuwa dhambi, nimemjibu. Angeishi akiamini kwamba Mungu alimchukua nusu, nusu nyingine akaitupa jalalani. Huenda angevumilia mwaka mmoja. Halafu ile nusu iliyotupwa ingerudi Mbarara kutafuta mahali inapopendwa.

"Nikikuambia kwa kinywa utasema Mama ananifariji," nikamjibu. "Kwanza tumalize muchezo. Kisha ukitaka kuichoma, nitakuletea kiberiti."

Jumamosi tukaingia kwenye kibanda. Kilikuwa cha mabati, ndani kimezungushiwa magunia, na ukutani picha za wanaume wenye bunduki na wasio na mashati. Nilifunga kilemba changu vizuri. Kabla ya mchezo nikaomba kwa sauti, mahali pale pale ambapo televisheni husimama, na kuna waliocheka. Sikuwalaumu. Waliojaa mle hawakuwa watu wa kanisani peke yao. Walikuwemo walevi wenyewe, waendesha boda, askari mmoja, wanawake waliouza pombe. Nilitazama nyuso zile nikajiuliza kwa nini nilichelewa kufika.

Tulianza mwanzo. Jembe likauzwa. Baa ikachezwa, watu wakapiga makofi na miluzi. Mara hii hakuna aliyesema tufumbe macho. Mwanamume akaishiwa, akafukuzwa, akatembea akizunguka benchi mpaka akafika kwake. Mlango haukuwa na kufuli. Ulikuwa umefungwa kwa kamba tu, kamba ya kuning'inia nje, ambayo mtu yeyote wa nyumba angeweza kuifungua. Lakini hakuthubutu. Akakaa chini mbele ya mlango wake mwenyewe.

Kibanda kile kilikuwa na mfasiri, kijana mwenye kipaza sauti ambaye kazi yake ilikuwa kueleza filamu za kigeni kwa Kiswahili. Alijisahau. Akashika kipaza sauti akaanza: "Mwanaume ameona haya. Mwanaume anaogopa kamba." Watu wakamnyamazisha kwa hasira, akakiweka chini.

Mke akaja na gunia kichwani, ametoka kwenye foleni ya chakula. Hakumsalimia. Akashusha gunia, akafungua kamba, akaingia ndani, akatoka na sahani mbili. Mimi nilikuwa nimemwelekeza asimame kidogo. Jirani yangu alisimama muda mrefu kuliko nilivyomfundisha, na nikajua anachokitazama hakipo kwenye mchezo. Kisha akaweka sahani ya pili chini, mbele ya yule mwanamume.

Mwanamume akachukua gitaa. Sauti ile ile ya baa, sasa polepole, na maneno yake: kwamba ulifunga kwa kamba, hukufunga kwa kufuli. Aliyaimba kwa mke wake, na katikati ya wimbo kila mtu alijua ameacha kumwimbia mke. Mwanamke mmoja muuza pombe alijifunika uso kwa kitambaa. Mwenye kibanda alikuwa amesimama mlangoni, na mizaha yote ilikuwa imemtoka. Wimbo ulipokwisha yule ndugu alibaki akiitazama mikono yake. Hakuniuliza habari ya kiberiti.

Jumapili ya Meza ya Bwana ikafika. Habari za kibanda zilikuwa zimetutangulia. Mchungaji aliniita mbele kwa upole, akasema ninachotakiwa kusema ni neno moja tu, nimekosa, na mkono wake upo tayari. Nilisimama.

"Baba Muchungaji na ndugu zangu, zambi zangu ziko, na Mungu anazijua, na zingine nimezililia. Ile ya Jumamosi hapana. Pale nilihubiri. Siwezi kutubu mahubiri."

Nikageuka nikaenda mwenyewe benchi la nyuma kabla sijatumwa. Nilipokaa, nilisikia benchi likilia upande wa pili. Yule ndugu alikuwa amekaa kando yangu.

Tulikaa pale miaka. Sitasema ngapi, maana niliacha kuhesabu kwa makusudi. Makanisa kambini ni mengi kama vichuguu, na mengine yalinitumia watu kunialika, moja likaniahidi kiti cha mbele chenye mto. Nilikataa. Nyumba niliyoikanyagia udongo siihami kwa sababu ya kutoelewana juu ya wimbo. Kila Jumapili ya Meza sahani ilikuja, ikafika benchi lililo mbele yetu, ikageuka. Niliweka mikono magotini, viganja juu, wazi. Sikuikunja hata siku moja. Namshukuru Mungu kwa benchi lile. Ukikaa mlangoni unawaona watu ambao wa mbele hawawaoni: mama anayenyonyesha, mtu aliyechelewa na anaona aibu, mlevi anayesikiliza kwa nje akiegemea ukuta. Niliwasogezea nafasi. Wengi wao leo wanaimba kwaya.

Siku moja katika miaka hiyo nilikwenda Mbarara na yule ndugu kununua nyuzi za gitaa. Tukapita mbele ya baa yake ya zamani, mchana, viti vikiwa bado juu ya meza. Wenzake wakamtambua wakamwita kwa vicheko.

"Mutumishi," mmoja akamtania, "tunasikia umeokoka. Vidole navyo viliokoka ao vilikufa?"

Akanitazama. Najua alitazamia nitamvuta mkono tuondoke. Nikaingia mbele yake, nikateremsha kiti, nikakaa na kilemba changu katikati ya chupa tupu, nikaagiza soda. "Uwapigie," nikasema. Akapiga wimbo wa kamba, ule wa polepole. Yule mtani alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kitambaa cha kufutia meza. Alisema tu, "Hiyo ni ile yetu ya zamani." Ndugu yangu akamjibu, "Ni ile ile." Tukanunua nyuzi, tukarudi.

Nimesikia watu wakisema muziki una pande mbili, wa Mungu na wa dunia, kama soko lenye ukuta katikati. Mimi sijauona ukuta huo. Nimewaona watu wanaoimba, na wanayemwimbia. Mwenye kunionyesha ukuta na aje. Bado ninaona vizuri.

Wimbo wenyewe haukutungoja. Watoto wa bombani waliokuwa kibandani Jumamosi ile waliuchukua pamoja na mchezo mzima, wakaimaliza safari ya yule mwanamume kila siku wakisubiri maji. Dada zao wakaubeba mashambani. Mama zao wakausikia wakautia kwenye kwaya ya akina mama, ukawa wimbo wa matoleo. Mchungaji aliupenda. Alidhani umetoka kwa ndugu zetu wa Tanzania, na hakuna aliyejisumbua kumsahihisha. Mimi na mwenzangu tuliusikia ukiimbwa mbele, sisi tukiwa nyuma, tukaangaliana tukatabasamu.

Ikaja Jumapili moja ya Meza. Mpiga gitaa wa kwaya alikuwa amepata safari ya kwenda kuhamia nchi ya mbali, ameondoka wiki ile. Akina mama wakasimama kuimba wimbo wa kamba, na mrithi wake akapotea njia mara mbili, wakanyamaza katikati. Mchungaji akauliza kama yupo mwingine anayeweza kuupiga. Vichwa viligeuka kimoja kimoja kuelekea mlangoni.

Yule ndugu akasimama.

"Baba Muchungaji, nitaupiga," alisema. "Lakini ujue kwanza ulitoka wapi. Huu njo mwisho wa ule muchezo. Weye ulitufumbisha macho kabla haujafika."

Yule mzee wa komite akaanza kuinuka, na mchungaji akamshusha kwa mkono. Uso wake ulikuwa ule wa siku zote anaposikia gitaa la baa, uso wa mdogo wake marehemu. Kisha akasema, "Uupige."

Ndugu yangu akaenda mbele, akachukua gitaa, akapiga. Akina mama wakaimba. Mchungaji hakufumba macho. Alisikiliza mpaka wimbo ulipokwisha, na machozi yalimshuka asiyafute.

Kisha hakuwapa mashemasi sahani. Aliichukua mwenyewe, akashuka nayo katikati ya mabenchi, akapita mahali ambapo huwa inageuka, akafika mlangoni kwangu. Viganja vyangu vilikuwa wazi kama kawaida. Akaweka mkate, halafu akanipa mkono wa ushirika. Hakuniuliza neno, nami sikumpa.

Aliinama tu akasema polepole, "Basi alirudi."

"Alirudi zamani, Baba," nikamwambia. "Tulikuwa tunakungoja weye."

Yule mzee wa komite alihama kanisa mwezi ule, na wapo mpaka leo wanaoniita Mama wa Kibanda. Naitika. Mchungaji aliniomba nirudi benchi la mbele. Nikamwambia nimezoea hewa ya mlangoni. Na kila Noeli mchezo unachezwa wote, jembe, baa na kamba, na sala ya kufunga inangoja mpaka sahani ya pili iwekwe chini.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu aliyenilinda benchi la nyuma akulinde popote ulipoketishwa. Akubariki mikono yote miwili pamoja na kile inachokijua kufanya. Kama bado uko njiani, ukifika nyumbani ukute mlango umefungwa kwa kamba, na sahani yako ipo. Amina.